Jinsi ya Kujiandaa kwa Umeneja Kabla ya Kupewa Cheo

Katika taasisi nyingi, njia ya kuufikia umeneja ni kuifanya vizuri kazi nyingine. Mhasibu hodari hufanywa mkuu wa wahasibu, muuzaji aliyewapita wenzake hukabidhiwa timu nzima ya mauzo, na fundi stadi hupewa karakana aisimamie. Kisha, kuanzia Jumatatu ya kwanza, kila mmoja wao hugundua kwamba yaliyompatia cheo si yale anayotakiwa kuyafanya sasa. Mwandishi na mwalimu Laurence Peter alilieleza tatizo hili mwaka 1969 kwa kusema kwamba katika taasisi yenye ngazi za vyeo, mtu hupandishwa hadi afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo hubaki. Kabla yake, mwaka 1955, Robert Katz, mtaalamu wa uongozi, alikuwa amezigawa stadi za msimamizi katika mafungu matatu: stadi za kiufundi za kazi yenyewe, stadi za kuhusiana na watu, na stadi za kuiona taasisi kwa ujumla wake. Alionyesha kwamba kadiri mtu anavyopanda, fungu la kwanza hupungua uzito na la tatu huongezeka.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado hajafika huko, yaani mwanafunzi wa biashara, mwajiriwa wa ngazi ya chini, au msaidizi anayetarajia kukabidhiwa idara siku moja. Msimamo wake ni kwamba stadi za uongozi hazisubiri barua ya uteuzi, na mahali pa kuanzia kuzijenga ni katika kusimamia ahadi ambazo mtu huzitoa mwenyewe kila siku. Asiyeweza kuzifuatilia ahadi zake hatakuwa na namna ya kufuatilia za wengine bila kugeuka mnung'unikaji, au mkali ambaye watu hawaoni sababu ya ukali wake.

Anza na ahadi zako

Tafuta daftari, au faili kwenye simu ukipenda, uligawe katika safu nne: nilichoahidi, niliyemwahidi, siku na saa ya kukamilisha, na kilichotokea. Andika kila ahadi ya kikazi, hata zile ndogo ambazo mtu huzitoa akiwa amesimama mlangoni, kama vile "nitakutumia baadaye" au "ngoja niulize nitakwambia". Hizo ndogo ndizo zinazosahaulika, na ndizo wenzako wanazozitumia kukupima.

Ukurasa wa kawaida unaweza kusomeka hivi: "Jumanne. Nimemwahidi mkuu wa ghala orodha ya bidhaa zilizobaki, ifike kwake Alhamisi saa nane mchana. Nimeipeleka Ijumaa asubuhi. Sikumjulisha mapema kwamba ningechelewa." Hapo pana makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Kuchelewa kunaweza kuwa na sababu nzuri, lakini kunyamaza kumemnyima mwenzako nafasi ya kupanga upya kazi yake, na pengine yeye naye alikuwa amemwahidi mtu mwingine kwa kutegemea orodha hiyo.

Baada ya wiki chache daftari litaanza kukuonyesha tabia yako ilivyo. Kuna watu wanaotimiza ahadi zote zinazowahusu wakubwa wao na kuvunja zile za wenzao wa ngazi moja. Wengine hufanya vizuri kazi za kuandika na kuzikalia kazi zinazohitaji kumpigia mtu simu. Wengine hawana tatizo la bidii hata kidogo, ila hawajui kukadiria muda. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba makadirio yetu hupotoka kwa sababu tunaitazama kazi iliyo mbele yetu kana kwamba ni ya kwanza ya aina yake, tukaacha kuuliza kazi zinazofanana nayo zilichukua muda gani. Dawa waliyoipendekeza ni kuanzia kwenye kumbukumbu hizo, na daftari lako ndilo linalozihifadhi. Kama ripoti tatu zilizopita zilichukua siku nne kila moja, ya nne usiiahidi kwa siku mbili, hata kama safari hii unajiona umejipanga vizuri.

Sehemu ngumu ya zoezi hili ni kukataa. Kijana anayetaka kupanda huona kwamba kukubali kila kitu ni dalili ya moyo wa kazi, ilhali msimamizi mzoefu huanza kumtilia shaka mtu asiyewahi kusema kwamba jambo fulani haliwezekani. Kataa kwa kutoa uchaguzi: "Naweza kuikamilisha Ijumaa. Ikihitajika Jumatano, itabidi taarifa ya mauzo iahirishwe hadi wiki ijayo. Ungependa ianze ipi?" Kwa kusema hivyo umemrudishia mkubwa wako uamuzi ulio wake, na umefanya hivyo kabla mambo hayajaharibika.

Muda wa meneja haufanani na muda wa mfanyakazi wa kawaida

Henry Mintzberg, mtaalamu wa masuala ya usimamizi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwafuatilia watendaji wakuu watano, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika walichokuwa wakifanya. Nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa. Picha ya kiongozi aliyetulia mezani akitafakari mustakabali wa kampuni haikuonekana. Alichokiona ni simu, wageni wasiotarajiwa, vikao na maamuzi ya papo kwa papo.

Kwa hiyo usijizoeze kupanga siku ambayo kila saa imejaa, kwa kuwa ratiba ya namna hiyo huvunjika kwa simu ya kwanza. Tenga saa moja au mbili, mwanzoni mwa siku ikiwezekana, kwa jambo moja lenye uzito, kisha uyakusanye madogo uyafanye kwa mkupuo, na uache sehemu ya siku wazi kwa yatakayozuka. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani wakati huo, katika hotuba ya mwaka 1954, alinukuu kauli ya mkuu wa zamani wa chuo aliyetenganisha mambo ya haraka na mambo ya muhimu. Tofauti hiyo imechorwa kwenye majedwali mengi tangu wakati huo, na majedwali hayo hayana ubaya, ingawa ugumu haupo katika kuyachora. Ugumu upo katika kuiacha barua pepe ya haraka isubiri saa moja wakati aliyeituma ana cheo kukuzidi, na hilo hujengwa kwa mazoea.

Jifahamu kwa ushahidi

Majaribio ya haiba yanayopatikana kwa wingi mtandaoni hufurahisha, na pengine huanzisha mazungumzo mazuri, lakini majibu yake hutokana na maoni yako mwenyewe kuhusu wewe mwenyewe. Peter Drucker, mwandishi wa vitabu vya usimamizi, alipendekeza njia iliyo ngumu kidogo na yenye manufaa zaidi: kila unapofanya uamuzi wenye uzito, andika matokeo unayoyatarajia, kisha baada ya miezi tisa au kumi na miwili ulinganishe na yaliyotokea. Kwa mtu anayeanza, miezi mitatu yatosha kwa maamuzi mengi. Andika kwa mfano: "Nimemchagua huyu aongoze kazi ya kuhesabu bidhaa. Nategemea imalizike kwa siku tano, na nahofia atashindwa kuwaambia wakubwa kuliko yeye kwamba wamekosea." Miezi mitatu baadaye utajua kama unawasoma watu vizuri au la. Usipoandika, akili itakudanganya kwamba ulijua tangu mwanzo.

Waulize pia wanaofanya kazi nawe, lakini usiulize "mnanionaje?", kwa maana swali hilo huzaa adabu tupu. Uliza jambo dogo lililotokea karibuni: "Katika kikao cha leo asubuhi, ni wapi nilipoeleza vibaya?" Ukijibiwa, usijitetee. Shukuru, andika, kisha rekebisha jambo moja ambalo yule aliyekujibu ataliona. Ukifanya hivyo, safari nyingine hutahitaji kumbembeleza akuambie ukweli.

Kukasimu kazi

Kukasimu ni kumkabidhi mtu mwingine kazi pamoja na mamlaka ya kuifanya. Hapa ndipo mameneja wengi wapya hukwama, na ndipo panapostahili mazoezi mengi kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa mikono yake hukasimu kwa namna mbili mbaya: ama huitupa kazi kwa mwenzake na kuondoka, ama humpa na kubaki amesimama nyuma yake. Namna zote mbili hutokana na kutoeleza vizuri mwanzoni.

Chukua maelekezo haya: "Tafadhali shughulikia suala la wateja wanaolalamika." Anayeyapokea hajui kama anatakiwa kuwapigia simu wateja, kuandika ripoti, kurejesha fedha, au kutafuta chanzo cha malalamiko. Atachagua lile analoliweza, na wiki ijayo utamlaumu kwa kutofanya lile ulilokuwa nalo kichwani. Sasa linganisha na haya: "Katika mwezi uliopita tumepata malalamiko ya kuchelewa kwa mizigo. Naomba uyapitie yote, uyapange kwa sababu za kuchelewa, na uniletee ukurasa mmoja unaoonyesha sababu mbili kubwa na pendekezo lako kwa kila moja. Una ruhusa ya kuzungumza na watu wa ghala na madereva. Usimwahidi mteja fidia yoyote bila kuniuliza. Tuonane Jumatano dakika kumi uniambie umefika wapi, na kazi kamili iwe tayari Ijumaa mchana." Maelekezo hayo yana matokeo yanayotakiwa, mipaka ya mamlaka, siku ya kukagua katikati, na siku ya mwisho. Kuyaandika kunachukua dakika chache. Kisha mwombe mpokeaji ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mtu akiulizwa "umeelewa?" atajibu ndiyo hata kama hakuelewa.

Kiasi cha kumfuatilia mtu hutegemea anavyoifahamu kazi hiyo mahususi. Wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard walilijenga wazo hili mwishoni mwa miaka ya 1960, wakidai kwamba hakuna mtindo mmoja wa uongozi unaofaa nyakati zote. Mtu mgeni katika kazi huhitaji maelekezo ya karibu, na aliyebobea huhitaji kuachiwa nafasi. Jambo linalosahaulika ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mbobezi katika kazi hii na mgeni kabisa katika ile. Muuzaji wa miaka kumi akipewa kuandaa bajeti kwa mara ya kwanza ni mwanafunzi, na kumwacha peke yake kwa kuheshimu uzoefu wake ni kumtosa.

Kuna mtego mwingine wa kukasimu ambao huja polepole. Uliyemkabidhi kazi anarudi na kusema kwamba kuna tatizo, nawe, kwa wema au kwa haraka, unajibu, "Niachie, nitaangalia." Kazi imerudi kwako. Ikitokea hivyo kwa watu sita katika wiki moja, utakuwa unafanya kazi hadi usiku huku wao wakikusubiri. Jizoeze kujibu kwa swali: "Umejaribu nini, na wewe ungependekeza tufanyeje?" Kama pendekezo lake linafaa kwa sehemu kubwa, mwache aendelee nalo hata kama wewe ungefanya tofauti kidogo.

Haya yote yanaweza kufanyiwa mazoezi bila kuwa na mtu hata mmoja chini yako. Kazi za vikundi chuoni, kamati za kujitolea na maandalizi ya mikutano ya idara hutoa nafasi za kukasimu kwa watu usioweza kuwaamuru. Kwa kweli hiyo ni shule ngumu kuliko umeneja wenyewe, kwa kuwa wasiolipwa hawana sababu ya kuvumilia maelekezo mabaya.

Mazungumzo ambayo kila mtu huyakwepa

Kazi isiyoridhisha ikiachwa bila kusemwa kwa mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite, wale wanaofanya vizuri ndio huumia kwanza, maana wao ndio wanaobeba pengo. Meneja mtarajiwa hana budi kujifunza kusema jambo gumu mapema, faraghani, na kwa ukweli unaoweza kuthibitishwa.

Sema ulichokiona, athari yake, kisha uliza. "Taarifa ya mauzo imechelewa Jumatatu mbili mfululizo. Jana idara ya fedha ilishindwa kufunga hesabu za wiki kwa sababu hiyo. Nini kinatokea kwa upande wako?" Baada ya swali hilo, nyamaza. Wengi huharibu mazungumzo hapa kwa kujaza ukimya na visingizio walivyomtungia mwenzao, au kwa kuanza mahubiri. Huenda ukasikia kwamba takwimu za tawi fulani humfikia saa tano usiku wa Jumapili, jambo ambalo wewe ndiye unayeweza kulirekebisha. Huenda pia ukasikia udhuru usio na mashiko. Hapo mnakubaliana kitakachofanyika, na unakiandika mbele yake. Epuka maneno kama "wewe siku zote" na "wewe ni mzembe". La kwanza si kweli na la pili halirekebishiki.

Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya utoaji wa dawa katika timu za hospitali nchini Marekani miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kuyataja. Hili lina maana kubwa kwa biashara: idara isiyoleta habari mbaya huenda inazificha, na namna unavyompokea mtu wa kwanza anayekuletea habari mbaya ndiyo itakayoamua kama wa pili atakuja.

Omba ukatibu

Katika vikao, nafasi ya katibu huonwa kama mzigo wa mgeni au wa mdogo wa wote. Ichukue. Anayeandika muhtasari hulazimika kusikiliza hadi aelewe ni nini hasa kimeamuliwa, na ana haki ya kuuliza, bila kuonekana mjuaji, "Kwa hiyo nani atafanya hili, na lini?" Swali hilo moja huokoa vikao vingi. Alfred Sloan, aliyeiongoza kampuni ya magari ya General Motors kwa miaka mingi, alijulikana kwa kuandika baada ya kikao waraka mfupi unaotaja uamuzi, mhusika na tarehe. Sambaza muhtasari kabla siku haijapita, na katika kikao kinachofuata anza na yatokanayo, ukisoma jina la kila aliyeahidi jambo. Usimkaripie mtu, kusomwa kwa jina kunatosha.

Zifahamu hesabu hata kama si mhasibu

Wapo wanaodhani kwamba kiongozi mwenye watu wazuri hahitaji kuzisoma hesabu. Anazihitaji, na kwa kuanzia atosheke na taarifa tatu: faida na hasara, mizania (orodha ya mali na madeni), na mtiririko wa fedha (zinazoingia na zinazotoka, na lini). Ya tatu ndiyo huwakamata wengi.

Tuseme biashara ina shilingi 5,000,000 benki. Imenunua bidhaa za 7,000,000 zinazotakiwa kulipiwa baada ya siku 30, ikaziuza zote kwa 10,000,000 kwa mteja atakayelipa baada ya siku 60. Mishahara na pango ni 1,000,000 kwa mwezi. Kwa miezi miwili, faida ni 1,000,000, na kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini siku ya 30 zinahitajika 8,000,000 na zilizopo ni 5,000,000 tu. Pengo ni 3,000,000, na mfanyakazi hawezi kulipwa kwa ankara ya mteja. Sasa chukulia kwamba timu ya mauzo imefanya vizuri ikauza maradufu kwa masharti yaleyale: siku ya 30 zitahitajika 15,000,000, na pengo litakuwa 10,000,000. Meneja wa mauzo anayeelewa hesabu hii hatashangilia oda kubwa kabla ya kuuliza italipwa lini. Omba ruhusa ya kuziona hesabu za idara yako, ukae na mhasibu nusu saa kwa mwezi, na umuulize ni tarakimu gani zinazomnyima usingizi.

Kabla ya uamuzi mkubwa

Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 zoezi linalochukua dakika chache tu. Kabla ya mradi kuanza, timu huambiwa ijichukulie kwamba muda umepita na mradi umeshindwa vibaya, kisha kila mmoja anaandika peke yake sababu za kushindwa huko. Manufaa yake ni kwamba aliyekuwa na shaka na akaogopa kuonekana mpinzani sasa ameombwa aitaje. Usilitumie kwa kila jambo. Maamuzi yanayoweza kubatilishwa kesho yafanye leo. Yale yasiyorudi nyuma, kama kuajiri, kusaini mkataba mrefu au kuachana na mteja mkubwa, ndiyo yanayostahili kutuliziwa akili.

Siku za kwanza cheoni

Uteuzi ukifika, onana na kila mmoja katika timu, mmoja mmoja, kabla ya kubadilisha chochote. Uliza nini kinafanya kazi vizuri na kisiguswe, nini kinamkwamisha, na angefanya nini kama angekuwa kwenye kiti chako. Ukisikia jambo lilelile kutoka kwa watu wanne, umepata la kuanza nalo.

Lililo gumu zaidi ni wale waliokuwa wenzako jana. Kuendelea kama zamani hakuwezekani, kwa kuwa sasa unajua mishahara yao na utaandika tathmini zao, na kujitenga ghafla huonekana kama majivuno. Waambie wazi kinachobadilika na kisichobadilika. Na kama miongoni mwao yupo aliyeiomba nafasi hiyohiyo akaikosa, usimngoje aje. Mwite wiki ya kwanza, mtajie jambo hilo wewe mwenyewe, kisha umuulize ni sehemu gani ya kazi angependa aishike yeye. Na ikiwa ipo mikononi mwako, mpe pamoja na mamlaka yake, siyo majukumu peke yake.